Soksi Kwanza, Mpira Baadaye

Kwenye viwanja vyetu vya kikapu neno "kocha" linaishi magazetini zaidi kuliko midomoni. Mtoto akikosea pasi na kuitwa pembeni, huitika, "Naam, mwalimu." Mchezaji mtu mzima, mwenye ndevu na familia, akichoka na kutaka kupumzika, hugeukia benchi kumtafuta "mwalimu". Na sisi ndio tuliompa rais wetu wa kwanza jina hilohilo, likamkaa kuliko vyeo vyote alivyopata kuwa navyo. Uzito wake tunaujua. Ninachotaka kuuliza leo ni kama wanaotufundishia watoto wetu kikapu tunawapa uzito huo, au tunawaita walimu wiki nzima halafu siku ya mechi tunawapima kwa kombe peke yake.

Wiki chache zilizopita nilikaa asubuhi nzima kwenye kiwanja kimoja cha saruji huko Temeke, Dar es Salaam. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na upande wa goli lisilo na nyavu kulikuwa na dimbwi. Mwalimu, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa ameshika fagio la chelewa akisukuma maji kuelekea mtaroni, suruali ameikunja hadi magotini. Wasichana wakaanza kufika wawiliwawili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba wanangu. Chukueni matambara, tukaushe hapa chini ya pete, mtu asije akateleza."

Hakuna aliyekaa kusubiri kiwanja kikauke chenyewe. Mipira ilikuwa mitatu: mmoja wa maana, miwili imekwisha vipele hadi inateleza mkononi kama papai lililoiva. Zoezi la kwanza lilikuwa leyapu, yaani kukimbilia goli na kuruka kuutia mpira ukiwa karibu na pete, kwa mkono wa kulia. Msichana mmoja wa miaka kama kumi na miwili, aliyevaa raba zilizomzidi, alikosea mara tatu mfululizo kwa sababu ileile: alikuwa akirukia mguu wa kulia, mwili unajikunja, mpira unagonga chini ya pete.

Mwalimu akapuliza filimbi, kwa utulivu. "Tazama," akasema, akafanya mwenyewe: kulia, kushoto, juu. "Wewe umefanya hivi." Kushoto, kulia, akajikunja kama alivyojikunja mtoto. "Sasa tazama tena." Kulia, kushoto, juu. "Haya, nenda."

Akaenda. Mpira ukazunguka pete ukatoka, lakini miguu ilikuwa sahihi. "Hapohapo!" mwalimu akapaza sauti. "Miguu imeshajua. Rudi kwenye foleni."

Yote hayo yalichukua sekunde chache. Hakumwita mzembe, wala hakumwambia kwamba yeye ni nyota. Alimwambia habari za miguu yake. Nilishtuka, kwa sababu mtindo ule nilikuwa nimewahi kuusoma, na niliousoma ulitokea mbali na Temeke, zaidi ya nusu karne iliyopita.

Msimu wa 1974–75 wanasaikolojia wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa kwenye viti vya ukumbi wa Pauley Pavilion, katika Chuo Kikuu cha UCLA mjini Los Angeles, wakimtazama mzee mmoja akiendesha mazoezi ya kikapu. Walihudhuria mazoezi 15 na kuandika kila tendo lake la kufundisha. Walipata matendo 2,326. Mzee huyo, John Wooden, alikuwa ndiye kocha mwenye mafanikio makubwa kuliko wote katika kikapu cha vyuo vya Marekani, na yeyote angetarajia kusikia hotuba za kutia moto na makaripio ya kutikisa ukuta. Karibu robo tatu ya matendo yale yalikuwa maelezo tu: fanya hivi, weka mguu hapa, mpira uanzie kifuani. Sifa zilikuwa kama saba katika kila mia, na lawama vivyo hivyo. Mchezaji akikosea, Wooden alimwonyesha namna sahihi, kisha akaiga kosa lake, kisha akaonyesha tena namna sahihi, na mazoezi yakaendelea.

Mwalimu wa Temeke hajausoma utafiti ule. Nilimuuliza. Aliniambia alifundishwa hivyo na aliyemfundisha yeye, akawaona watoto wanashika haraka, basi.

Rekodi ya Wooden niiseme mara moja tuiweke kando. Alifundisha UCLA kuanzia 1948 hadi 1975. Alitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara 10 katika misimu 12 ya mwisho, saba kati yake mfululizo, na timu yake ilishinda mechi 88 bila kufungwa hadi Januari 1974, Notre Dame ilipoifunga kwa tofauti ya pointi moja. Katika kikapu cha wanaume cha vyuo, hakuna aliyekaribia. Lakini nambari hizo si sababu ya kumwandika. Namwandika kwa sababu ya soksi.

Siku ya kwanza ya mazoezi kila mwaka, Wooden aliwakalisha wachezaji wake, wakiwemo vijana waliokuwa wakigombaniwa na vyuo vyote vya Marekani, akawafundisha kuvaa soksi. Vuta taratibu kuanzia vidoleni. Pitisha kiganja, ukunjo usibaki, hasa kwenye kidole kidogo na kisiginoni. Ndipo uvae kiatu, ukaze kamba tundu kwa tundu, ufunge mara mbili. Bill Walton, jitu la futi saba kasoro kidogo lililofika UCLA mwaka 1970, alieleza kwa miaka mingi jinsi yeye na wenzake walivyotazamana kwa mshangao. Walikuja kusubiri siri za ubingwa, wakapewa soksi. Maelezo ya mzee yalikuwa mafupi: mkunjo huleta lengelenge, lengelenge hukunyima mazoezi, na asiyefanya mazoezi hachezi.

Wapo watakaoona hicho ni kioja. Mimi naona utu mzima wa mwalimu umo ndani yake. Anayeshughulika na kidole chako kidogo hahitaji kukuhubiria kwamba anakujali. Tena somo lilikuwa moja kwa wote, nyota na yule wa mwisho benchini, na kila mmoja aliondoka akijua kuna jambo lililo mikononi mwake mwenyewe, ambalo mwamuzi hawezi kumnyang'anya wala mpinzani kumzuia.

Mtu huyu alitoka wapi? Baba yake, Joshua Wooden, alikuwa mkulima wa Indiana. Alinunua chanjo ya nguruwe ikawa mbovu, mifugo ikafa, ukame ukaongezea, shamba likaenda. Mwanawe alisimulia hadi uzeeni kwamba hakumsikia baba akimlaumu mtu. Alichowaambia watoto wake ni wasihangaike kuwa bora kuliko mwingine, ila wasiache kamwe kuwa bora kadiri wao wenyewe wanavyoweza. Ni maneno ambayo mzee yeyote wa kwetu angeweza kuyasema kizingitini jioni. Kijana akayabeba. Akawa mchezaji mahiri wa Chuo cha Purdue, na baadaye akaingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huu kama mchezaji na tena kama kocha, mtu wa kwanza kupata yote mawili.

Lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, na hapo ndipo falsafa yake ilipozaliwa. Akiwa South Bend mwaka 1934 aliwachoka wazazi. Kwao alama ya C iliwatosha watoto wa jirani, kwa kuwa watoto wa jirani ni wa kawaida. Mtoto wao akipata C, ama mtoto hafai au mwalimu hafai. Wooden aliona dhuluma hapo. Mtoto aliyejituma hadi mwisho wa uwezo wake akapata C anaitwa ameshindwa, na mwenye kipaji aliyepata A huku akisinzia anapongezwa. Akakaa akaandika maana yake mwenyewe ya kufanikiwa: ni utulivu wa moyo anaoupata mtu anapojua, yeye mwenyewe, kwamba amejitahidi kufikia kilele cha uwezo wake. Katika maana hiyo hakuna ubao wa matokeo. Juu yake akajenga piramidi ya matofali 15, bidii na hamasa zikiwa pembe mbili za chini, kazi iliyomchukua hadi 1948.

Nimekutana na wazazi wale wa South Bend. Wako Kinondoni, wako Kisumu, wako Arusha. Wanasimama kando ya uwanja, mikono kiunoni, wakimpigia kelele mtoto wa miaka kumi: "Funga! Funga wewe!" Mtoto ana mpira, mwenzake yuko peke yake chini ya goli, lakini sauti ya mama inamwambia afunge yeye. Mwalimu anasema pasi, nyumbani wanasema funga. Nani atashinda?

Wooden alikuwa na kanuni ndogo kuhusu hilo. Mchezaji akifunga, kabla ya kurudi kwenye ulinzi, alitakiwa kumtambua aliyempa pasi, kwa kidole, kwa kutikisa kichwa, kwa lolote. Inasimuliwa kwamba mchezaji mmoja alimuuliza itakuwaje kama mwenzake hatazami, na Wooden akamhakikishia kwamba atatazama. Jaribu kesho na watoto wa mtaani kwako, uone nyuso zao. Kila binadamu aliyetoa kitu hugeuka kidogo kuangalia kama kimepokelewa.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nimwamini mtu huyu, kwa maana kuandika maneno mazuri kwenye piramidi ni rahisi. Mwaka 1947 alikuwa kocha wa chuo cha Indiana State. Timu ilifanya vizuri, ikaalikwa kwenye mashindano ya taifa ya vyuo vidogo huko Kansas City. Kanuni za mashindano hayo zilikataza wachezaji weusi. Indiana State ilikuwa na mchezaji mweusi mmoja, Clarence Walker. Hakuwa nyota, alikuwa mchezaji wa akiba. Wooden akakataa mwaliko. Timu nzima ikabaki nyumbani kwa ajili ya kijana ambaye pengine angecheza dakika chache tu.

Mwaka uliofuata kanuni ilibadilishwa, lakini kwa sharti la fedheha: Walker acheze, ila asilale hotelini na wenzake wala asionekane nao hadharani nje ya mechi. Wooden alitaka kukataa tena. Waliomshawishi aende ni NAACP, chama kilichotetea haki za watu weusi, pamoja na familia ya Walker, walioona kwamba mlango uliofunguka nusu ni afadhali kuuingilia. Walker akawa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza mashindano hayo. Indiana State ikafika fainali, ikafungwa na Louisville. Miaka tisa baadaye, mashindano yaleyale yalitwaliwa na chuo cha watu weusi cha Tennessee kikifundishwa na John McLendon. Huyu naye aliwahi kuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kansas, lakini hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo kwa sababu ya rangi yake. Aliyemshika mkono pale chuoni ni mzee James Naismith, mtu aliyeubuni mchezo wa kikapu.

Naismith mwenyewe anastahili aya hapa. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini ili vijana waliochoshwa na baridi wapate mchezo usio wa kuumizana. Baadaye alifundisha timu ya Kansas: alishinda mechi 55 akapoteza 60. Kati ya makocha wote wa chuo hicho kikubwa cha kikapu, ndiye pekee aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Sakafu ya kuchezea katika ukumbi wao wa leo imepewa jina lake.

Huwa naikumbuka hesabu hiyo ninaposikia kwamba mwalimu fulani wa shule ameondolewa kwa sababu timu haikufika UMISSETA taifa, mashindano ya shule za sekondari.

Tunapenda pia kusema kwamba maadili ni ya wenye nafasi, kwamba sisi bado tunatafuta viwanja na mipira. Kilio cha viwanja ni cha haki, nakiunga mkono. Ila tujue kwamba Wooden alipofika UCLA alikuta ukumbi mchakavu, joto kali, hewa nzito, na timu yake ilifanya mazoezi huku wanasarakasi na wanamieleka wakiwa pembeni, unga wa mikono yao ukitua sakafuni. Kila siku kabla ya mazoezi kocha alishika dekio, akapiga deki sakafu yeye na wasaidizi wake. Miaka 16 alikaa pale bila ubingwa. Wa kwanza aliupata 1964, wa pili 1965, wote akitokea kwenye ukumbi uleule. Pauley Pavilion ilifunguliwa baada ya hapo. Nilipomwona kijana wa Temeke na fagio lake la chelewa, sikuona umaskini peke yake. Watoto wale walikuwa wakimtazama mtu mzima akisafisha mahali watakapokanyaga wao.

Na miaka ile 16! Niambieni ni klabu gani kwetu ingemvumilia kocha hata minne.

Msije mkadhani namsimika mtakatifu. Wooden alikuwa mkali wa benchi, karatasi ya programu ameikunja mkononi kama baragumu, akiwasema waamuzi na hata wachezaji wa timu pinzani kwa maneno ambayo wengi hawakuyategemea kutoka kwake. Kubwa zaidi ni habari ya Sam Gilbert, mfanyabiashara tajiri wa Los Angeles aliyekuwa karibu na wachezaji wa UCLA kwa miaka mingi, akiwasaidia kwa njia ambazo kanuni za michezo ya vyuo hazikuruhusu. Mwaka 1981, miaka sita baada ya Wooden kustaafu, UCLA iliadhibiwa na kuamriwa ijitenge naye. Wooden hakupatikana na hatia yoyote. Lakini yule bwana alikuwepo enzi zake pia, na mtu anayekagua mikunjo ya soksi alipaswa kuuliza makoti mapya yametoka wapi. Hilo ni doa, na nadhani mwalimu yeyote anayemsoma Wooden amsome na doa hilo ndani yake. Anayelea vijana asifumbe macho kwa sababu jibu huenda likamkosesha mchezaji.

Pamoja na hayo, tazama alivyowashika vijana wenye misimamo. Walton alikuwa mpinzani wa vita vya Vietnam. Mwaka 1972 alikamatwa kwenye maandamano, na Wooden ndiye aliyekwenda kumtoa. Siku nyingine Walton alikuja mazoezini na nywele na ndevu ambazo kanuni ya timu haikuziruhusu, akatangaza kwamba ni haki yake. Wooden akamuuliza kama kweli anaamini hivyo. Walton akasema ndiyo. Mzee akamjibu kwamba anamheshimu mtu anayesimamia anachokiamini, na kwamba timu itamkosa sana. Mchezaji bora wa Marekani akapanda baiskeli yake, akaenda kwa kinyozi. Hakuna aliyetukanwa, na kanuni haikulegezwa kwa sababu ya kipaji. Walton alipokuja kuwa baba, alikuwa akiandika maneno ya Wooden kwenye mifuko ya chakula cha mchana ya wanawe.

Yupo pia Kareem Abdul-Jabbar, ambaye UCLA walimjua kwa jina la Lew Alcindor. Kijana mweusi kutoka New York, aliyesilimu, na mzee mweupe Mkristo wa mashambani Indiana. Urafiki wao ulidumu karibu nusu karne, na mwaka 2017 Kareem alitoa kitabu kuuhusu. Ipo picha yao ya uzeeni mwa Wooden: mchezaji mrefu kama mnazi amemshika mkono mwalimu wake aliyekwisha kuinama, wanatoka uwanjani pole pole. Hakuna kombe linaloonekana katika picha ile.

Kwetu falsafa ya namna hii si ngeni. Vizazi kadhaa vya wachezaji wa Dar es Salaam vimepitia viwanja vya Don Bosco Upanga. Mapadre waliovianzisha walifuata mafundisho ya Mtakatifu Yohane Bosko wa Torino, aliyesisitiza kwamba haitoshi vijana wapendwe, ni lazima wao wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Ukitaka kujua kama kocha anaishi neno hilo, usisikilize anachosema kwenye kikao cha wazazi. Angalia kama anawajua kwa majina watoto wanaokaa benchi.

Mimi sikujulikana. Nilicheza kikapu sekondari, na mwalimu wetu wa michezo, ambaye shule yake sitaitaja, alijua majina matano. Sisi wengine tulikuwa "wewe mrefu", "wewe mweusi", na tulipofungwa tukawa "ng'ombe nyie". Mchezaji mwenzangu aliwahi kuteguka kifundo cha mguu, akaambiwa afunge kitambaa aendelee kwa sababu ilikuwa nusu fainali. Tulishinda siku ile. Yule mwenzangu hakucheza tena, na mimi niliacha kidato cha tatu. Kombe tulilochukua sijui liko wapi. Maneno yale nayakumbuka yote, kwa mpangilio.

Ndiyo maana naogopa ninapoona watoto warefu wakiambiwa kwamba watakuwa Hasheem Thabeet. Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, na ni fahari yetu. Lakini katika wasichana wale kumi na wanne wa Temeke, kuna uwezekano mkubwa kwamba hata mmoja hatalipwa shilingi kwa kucheza kikapu. Watakuwa wauguzi, wafanyabiashara, mama lishe, walimu, maaskari. Mwalimu wao ana saa mbili kila Jumamosi za kuamua watabeba nini kutoka pale. Udongo upate ungali maji.

Nilimuuliza ataendelea hadi lini. Akasema ana kazi ya kulinda stoo ya mizigo usiku, akitoka asubuhi anapitiliza uwanjani. Nauli anajitolea mwenyewe. Mipira ile miwili iliyokwisha aliiokota kwa rafiki. Alipokuwa akinieleza haya, alisimama ghafla akamwita yule msichana wa leyapu, akapiga goti kwenye saruji yenye unyevu, akamwonyesha namna ya kukunja kipande cha kitambaa na kukiweka mbele ya raba ili kiatu kisimcheze. "Nyumbani umuombe mama akushonee," akasema. "Sasa kimbia, nione."

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akirudi kutoka uwanjani Jumamosi hii, usimuulize wamefunga ngapi. Muulize mwalimu amewafundisha nini leo, umwache akuonyeshe hapo sebuleni kwa miguu yake. Halafu siku moja ondoka nyumbani mapema, uende naye hadi uwanjani, umsalimie mwalimu huyo kwa jina lake, na umtie nauli mkononi.